Plagi ya Sita

Mafundi wa Katwe, jijini Kampala, walimjua Nelima kwa mikono yake. Haikuwa mikono ya kutazamwa. Kucha zilikatwa hadi karibu na nyama, na alama za kuungua zilipanda mpaka kwenye viwiko. Lakini ilikuwa mirefu na myembamba, na pale vidole vya wanaume vilipogonga chuma, vya kwake vilipenya. Gereji za juu, za kando ya barabara kuu, zilituma watu kumwazima kama mtu anavyoazima ngazi kwa jirani. Yeye mwenyewe hakusema kitu juu ya jambo hilo, ila moyoni lilimpendeza kuliko alivyotaka kukubali.

Alikuwa ametoka Kimilili, Kenya, miaka tisa nyuma, na miaka sita kati ya hiyo alifanya kazi kwa Hajji Taban, Mnubi mwenye umri wa miaka sitini na kitu, ambaye baba yake alikuwa dereva wa malori ya jeshi. Gereji yao ilikuwa banda la mabati kwenye bonde, hatua chache kutoka mfereji mkubwa wa Nakivubo. Nusu ya mbele ilikuwa na sakafu ya saruji. Nusu ya nyuma ilikuwa udongo mwekundu ulioshindiliwa kwa miaka na miguu na mafuta machafu, ukawa mgumu kama tofali. Wakati wa kiangazi.

Ijumaa hiyo ya mwezi wa nne, gari lililokuwa nyuma ya banda lilikuwa la Daktari Acayo wa hospitali ya Mulago. Lilikuwa gari la michezo la Kijerumani, jekundu, la chini sana, injini yake imewekwa nyuma badala ya mbele. Daktari alilinunua kuukuu kutoka kwa mtu aliyehama nchi, na tangu juma lililopita lilikuwa linatetemeka kila aliposimama kwenye taa za Wandegeya. Hajji alilisikiliza mara moja tu akajua. Plagi zilikuwa zimechoka, na koili zilikuwa zimepasuka. Kila plagi ilikuwa na koili yake, kitu kama kidole kinene cha plastiki kinachokaa juu ya plagi na kuipa cheche. Zilikuwa sita: tatu upande huu wa injini, tatu upande ule, zote zimefichwa kwa chini. Ili kuzifikia ilibidi kutoa magurudumu ya nyuma, kuliinua gari juu ya stendi mbili za chuma, kulala chali chini yake na kufanya kazi kwa kupapasa.

Kufikia saa sita mchana Nelima alikuwa amebadilisha tano.

Hajji Taban alikuwa amekwishavaa kanzu yake kwenda swala ya Ijumaa kwenye msikiti wa Kibuli. Aliinama kidogo, akashika goti, akamtazama pale chini.

"Hiyo ya sita ndiyo mbaya," alisema. "Ekzosi lazima itoke."

"Bolti zake zimekula kutu, Hajji. Zitakatika."

"Zitakatika ukizilazimisha peke yako. Nikirudi tutazichoma kwa gesi, zitalainika. Ningoje, mwanangu."

"Nimetoa tano bila kugusa ekzosi."

"Tano ni tano. Nimesema ningoje."

"Sawa, Hajji."

Aliisikia bodaboda ikimchukua nje. Alisema sawa kwa moyo safi, na moyo huo ulidumu kama dakika kumi. Kisha akaichukua taa ya waya, akamulika juu kati ya ekzosi, lile bomba la moshi, na ubavu wa injini, na akaiona koili ya sita. Ilikuwa pale. Mbali kama urefu wa mkono wake, si zaidi. Kilichokuwa njiani ni bati jembamba la kukinga joto, limekunjwa kama mfereji wa paa, na kati ya bati hilo na injini palikuwa na nafasi ambayo mwanaume asingepitisha hata kiganja.

Alikunja mkono wa ovaroli hadi juu ya kiwiko, akaingiza mkono wa kulia.

Kuingia hakukuwa rahisi, lakini mkono uliingia. Aliitoa koili ya zamani kwa kuizungusha taratibu, akaitelezesha chini hadi kifuani. Akaingiza soketi ndefu, akalegeza plagi kwa robo robo za mzunguko, ikatoka nyeusi. Akaingiza mpya, akaikaza kwa vidole kwanza, kama alivyofundishwa, ili nyuzi za skrubu yake zisiume vibaya, ndipo akaikaza kwa soketi. Yote haya alifanya macho yakiwa yamefumbwa, maana hapakuwa na cha kuona. Mwisho akaisukuma koili mpya juu ya plagi. Ilimlazimu kusukuma kwa nguvu ya bega, na aliposukuma, kiwiko kilipita ule ukingo wa bati na bati likapinda kuelekea ndani. Koili ikalia *tak*, ikakaa mahali pake.

Nelima akacheka peke yake chini ya gari. Alikuwa tayari anaona uso wa Hajji.

Akavuta mkono. Haukutoka.

Akavuta tena. Maumivu makali yalimpita juu ya kiwiko, na akahisi kitu cha moto kikitiririka kuelekea kwapani. Lile bati lililopinda kuelekea ndani lilikuwa limegeuka mwiba. Kuingia lilimpisha; kutoka, ukingo wake ulichimba nyama, na mkunjo wa ovaroli ulikuwa umejikusanya nyuma yake kama kizibo. Alivyozidi kuvuta ndivyo lilivyozidi kuuma.

"Tulia," alijiambia kwa sauti. "Tulia wewe. Hajji atarudi saa nane."

Hapo ndipo mvua ilipoanza. Haikunyunyiza kwanza. Ilimwagika mara moja juu ya mabati, kama lori linalomwaga kokoto, na baada ya dakika mbili ile taa ya waya ikazimika. Umeme ulikuwa umekatika Katwe nzima. Milio ya nyundo na misumeno ya majirani, ambayo husikika asubuhi mpaka jioni bila kukoma, ikanyamaza. Watu walikuwa wanafunga milango.

Nelima alilala gizani, mkono juu, akisikiliza. Mwanzoni alikuwa na hasira tu, hasira na mkono wake. Simu yake ilikuwa juu ya meza ya vifaa, hatua nne kutoka pale. Iliita. Aliona mwanga wake wa buluu ukicheza ukutani, akajua ni Hajji, labda kumwambia asitoke kwenye mvua. Iliita mpaka ikakata.

Kisha kitu cha baridi kikamgusa kisogoni.

Alidhani ni mafuta yaliyomwagika. Akapeleka mkono wa kushoto, akanusa vidole. Maji. Maji ya mfereji, yenye harufu ya matope na choo. Yalikuwa yameingia chini ya mlango wa nyuma bila sauti, na alipogeuza shingo aliona katika mwanga hafifu wa mlangoni chupa ya plastiki ikielea kuja kwake polepole.

Katika miaka sita Nelima alikuwa ameona mfereji ukifurika mara nyingi. Alijua ulivyokuwa. Maji huja kimya, yanafika kwenye kifundo cha mguu, watu wanacheka na kuinua suruali. Halafu, ghafla, yanafika gotini. Mtu aliyesimama hupanda juu ya meza akangoja. Hakuwahi kuyafikiria maji hayo kutoka pale chini, mtu akiwa amelala chali.

Akaanza kupiga kelele.

Alimwita Hajji, akaita majirani kwa majina, akaita kwa Kiswahili, kwa Kiganda, mwishowe kwa Kibukusu, lugha ambayo hapakuwa na mtu wa kuielewa hapo bondeni. Mvua ilikuwa juu ya mabati na sauti yake ilikufa chini ya gari. Maji yakaingia masikioni. Mara kelele zote zikawa mbali, akabaki anasikia moyo wake tu, unapiga kama injini iliyokosa mafuta. Akainua kichwa ili masikio yatoke. Shingo ikaanza kutetemeka.

Akavuta mkono kwa nguvu zake zote, akipiga mayowe huku akivuta. Aliwaza kwamba heri nyama ichanike. Lakini bati lilifika mahali pa mfupa likagoma, na giza la maumivu likampanda machoni, akaogopa kuzimia. Akizimia kichwa kingelala. Kichwa kikilala, basi.

Ndipo akaikumbuka ile taa. Waya wa taa ulikuwa umelazwa sakafuni, umeunganishwa na waya mwingine kwa tepu nyeusi karibu na gurudumu la mbele. Muungano huo sasa ulikuwa chini ya maji. Umeme ulikuwa umekatika, lakini umeme wa Kampala hurudi unapotaka. Huenda ungerudi baada ya saa tatu, huenda sasa hivi. Nelima alihisi ngozi yote ya mgongo ikisimama ndani ya yale maji.

Na chini, mahali fulani upande wake wa kushoto, kitu kikalia *krrr*.

Gari likashuka. Si sana, upana wa vidole viwili. Ekzosi ikamgusa kifuani, na mkono wake ulionaswa ukamsukuma bega chini. Alielewa mara moja. Stendi za chuma zilikuwa zimekaa juu ya vipande vya mbao, na mbao zilikuwa juu ya udongo, na udongo ulikuwa unarudi kuwa tope.

Nelima hakuwa mtu wa kulia. Alilia. Alimwona binti yake Sitawa, mwenye miaka kumi na mmoja, amekaa kwa bibi yake kule Kimilili akifanya hesabu mezani, na mtu amesimama mlangoni na habari. Aliona jinsi watakavyojaribu kumweleza mtoto. Alikuwa chini ya gari. Maji yalikuja. Mtoto angeuliza: kwa nini hakutoka?

Swali hilo, ajabu, ndilo lililomfanya aache kuvuta. Kwa nini hatoki? Kwa sababu ya bati. Na bati linashikwa na nini?

Bolti mbili. Namba kumi zote. Alikuwa amezigusa asubuhi alipokuwa akifanya kazi upande wa pili. Huku zingekuwa vilevile, moja karibu, moja kwa juu nyuma. Mkono wa kushoto ulikuwa huru. Spana namba kumi ilikuwa imelala kando ya kiuno chake, juu ya zulia la plastiki, pamoja na nyingine zote. Ilikuwa. Akashusha mkono majini, akapapasa. Zulia lilikuwa limeanza kuelea na vifaa vilikuwa vimetelezea kwenye matope. Alipata soketi. Akapata bisibisi. Akapata spana, akaiinua mbele ya uso, akapima mdomo wa spana kwa ulimi kwa kuwa hakuona vizuri: kubwa mno, kumi na tatu. Akaitupa. Maji yalikuwa kwenye kidevu sasa kila alipopumzisha shingo. Akapapasa tena, mbali zaidi, vidole vikichimba tope kama kuku, na akaipata. Ndogo, ya kromu, ile namba kumi yenye ufa.

"Usianguke," aliiambia. "Tafadhali usianguke."

Bolti ya kwanza aliifanyia kazi kwa mkono wa kushoto, mkono ambao haukuwahi kufanya kazi ya maana, huku ukivuka juu ya kifua chake mwenyewe. Spana ilikuwa inashika, inateleza, inashika. Mara mbili ilimtoka ikamwangukia shingoni, na mara mbili aliikamata kabla haijazama. Kutu ikalia. Bolti ikazunguka. Alipoitoa yote, bati lilicheza kidogo upande mmoja, na maumivu yakapungua, lakini mkono haukutoka. Bolti ya pili ilikuwa nyuma ya kiwiko chake cha kulia. Alinyoosha mkono wa kushoto mpaka bega likalia. Vidole viliigusa. Kuigusa tu. Hakuna namna ambayo spana ingeifikia.

Alilala pale akihema. Kisha akaanza kuipiga ekzosi kwa spana. Mapigo matatu, kimya. Mapigo matatu, kimya. Hakujua kwa nini matatu.

Guerschom hakuja kumwokoa mtu yeyote. Alikuwa mnyoosha bodi za magari wa banda la tatu, Mkongo kutoka Uvira, mtu mnene asiyependa maneno mengi, na alikuwa amerudi kukimbiza mashine yake ya kuchomelea isiingie maji. Alikuwa ameshaibeba begani aliposikia chuma kinagongwa kwa Hajji Taban. Alidhani ni mwizi.

Akaingia kwa mlango wa nyuma, maji yakiwa kati ya kifundo na goti.

"Nani huko?"

"Guerschom! Niko chini! Chini ya gari!"

"Nelima?"

"Chomoa waya wa taa! Kwanza chomoa waya ukutani, usishike kitu kingine!"

Alimsikia akiburuza miguu majini, kisha akasikia plagi ya ukutani ikitoka. "Nimetoa," alisema. Halafu uso wake mpana ukaonekana pembeni, umeinama mpaka shavu likagusa maji. Aliuona mkono. Aliiona damu iliyokuwa imechora mstari mpaka shingoni. Midomo yake ikaanza kucheza bila sauti.

"Mkono umenaswa," Nelima alisema haraka. "Kuna bolti moja, nyuma ya kiwiko. Namba kumi. Spana ninayo. Ingia uifungue."

Gari likalia tena, *krrr*, likashuka unene wa kidole. Guerschom akaruka nyuma, maji yakamrukia Nelima usoni.

"Guerschom!"

"Siwezi," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, ndogo. "Dada, mi siwezi kuingia chini ya gari. Kaka yangu, kule Uvira. Jeki ilitoka. Mi ndiye nilikuwa naye. Mi ndiye nilimtoa. Siwezi."

Miaka minne walikuwa majirani. Nelima alikuwa amemwona mara mia akinyoosha milango, mabampa, boneti, na hakuwahi kujiuliza kwa nini mtu huyo hakuwahi kulala chini ya gari hata moja. Alitaka kumtukana. Alitaka kumwambia kwamba yeye ndiye aliyeko chini, si kaka yake. Lakini alijua woga wa namna hiyo. Kwa saa nzima alikuwa amelala nao.

"Sawa," alisema, meno yakigongana. "Sawa. Usiingie. Fanya gari lisishuke. Kuna giaboksi kuukuu pale ukutani, ya lori. Isukume chini ya gari, hapa ubavuni kwangu. Iko nzito, ila wewe una nguvu."

Hilo aliliweza. Alimsikia akiguna, chuma kikikwaruza chini ya maji, akiguna tena, akitaja jina la Yesu kwa Kifaransa. Giaboksi ikaja ikiviringika kama mnyama, ikasimama chini ya ubavu wa gari. Ilibaki nafasi ya kiganja kati yake na chuma cha juu. Guerschom akaleta vipande vya mbao, akavipachika kwa ngumi mpaka vikakaza.

"Sasa halishuki," alisema.

"Sasa halishuki," Nelima alikubali, ingawa hakuwa na uhakika. Ilimbidi ainamishe kichwa nyuma ili pua na mdomo vibaki juu. Maji yaliingia kwenye pembe za midomo. "Guerschom. Sina muda."

Hakumwona. Alikuwa anaona tu tumbo la gari, jeusi, linalodondosha matone. Alisikia mvua. Alifikiri ameondoka kwenda kutafuta watu, na watu wangefika, na wangemkuta keshazama. Ndipo maji ya upande wa kulia yakasukumwa, na bega kubwa la baridi likamgusa bega. Guerschom alikuwa ameingia. Alikuwa amefumba macho kabisa kama mtoto, na alikuwa anasema maneno kwa kunong'ona, ya Zaburi ya ishirini na tatu, kwa lugha ya kwao, haraka haraka, bila kuvuta pumzi.

"Nipe," alisema. "Nipe spana. Usiniambie nifungue macho."

"Usifungue. Mimi nitakuongoza." Aliushika mkono wake, akauelekeza. "Juu. Juu zaidi. Hapo kuna mkono wangu, usijali, bonyeza tu. Nyuma yake. Umeigusa?"

"Nimeigusa."

"Kushoto ndiyo kufungua."

"Najua kushoto ndiyo kufungua!" alifoka, na katika ile hofu yote Nelima nusura acheke.

Mzunguko mmoja. Wa pili. Hapo stendi ya upande wa kushoto ikasalimu amri. Haikushuka polepole kama mwanzo, ililala. Gari zima likaangukia giaboksi kwa kishindo ambacho Nelima alikisikia ndani ya meno yake, mbao zikapasuka, uso wake ukazama. Maji yakamjaa puani. Kila kitu kikawa cheusi na baridi na kelele ya Guerschom, ambayo ilimfikia kwa mbali, kama mtu anayepiga mayowe ng'ambo ya mto.

Giaboksi ilishika.

Na Guerschom hakukimbia. Baadaye alisema kwamba hakumbuki; kwamba mkono wake uliendelea wenyewe. Nelima alichohisi ni kwamba kitu kilichokuwa kimemuuma kwa muda huo wote kililegea ghafla, kama mdomo unaofunguka. Akavuta. Ngozi ilibaki, nguo ikachanika, mkono ukatoka. Mtu akamshika kola ya ovaroli, akamburuta kando kupitia tope, na akatokea juu, katika hewa, akikohoa maji ya Nakivubo.

Walikaa wote wawili juu ya meza ya vifaa, miguu imening'inia majini. Guerschom alivua shati lake, akaufunga mkono wa Nelima kwa shati hilo, vibaya, kwa fundo kubwa.

Hajji Taban alifika baada ya nusu saa akiwa ameishika kanzu kiunoni, kofia imelowa, viatu mkononi. Bodaboda zilikataa kushuka bondeni. Alikuwa ametembea kutoka Kibuli kwa miguu. Aliliangalia gari lililoinama, kisha giaboksi, kisha shati lenye damu. Alielewa yote bila kuambiwa.

"Nilikwambia uningoje," alisema.

"Ulisema, Hajji."

Alitaka kuongeza neno, lakini mdomo wake ukakunjika, akageuka ukutani akajifanya anatafuta taa. Mabega yake yalikuwa yanacheza. Alipogeuka tena alisema tu, "Unaweza kutembea? Basi twende hospitali."

Huko alishonwa nyuzi kumi na saba. Daktari Acayo, aliposikia, aliacha kazi zake Mulago akaja kumwona nyumbani, akamkunja kidole kimoja kimoja, akamchoma kidogo kwa pini. Kidole kidogo na jirani yake havikuhisi kitu. Alisema mshipa wa fahamu ulikuwa umeumia, haukukatika; ungeweza kurudi kwa miezi kadhaa, au kurudi nusu. Kisha akaomba radhi, kana kwamba yeye ndiye aliyelitengeneza bati lile.

Mkono ulipona mapema kuliko Nelima mwenyewe. Majuma matatu yalipopita alirudi kazini, akavaa ovaroli, akasimama mbele ya gari la mteja lililokuwa juu ya stendi, sasa juu ya saruji, kwa maana Hajji alikuwa amemwaga saruji mpaka nyuma. Hapakuwa na mvua. Jua lilikuwa kali. Alisimama hapo mpaka jasho likamtoka, na hakuweza kupiga magoti. Hajji alimpa kazi za juu ya meza: kusafisha kabureta, kupanga gasketi. Hakumuuliza kitu. Kila wingu lilipopita juu ya Kibuli, Nelima alijikuta ameshatoka nje.

Gari jekundu lilikuwa bado kwenye kona, limefunikwa turubai. Lilikuwa limekaushwa, waya zimekaguliwa, lakini bati halijarudishwa na koili ya sita haijafungwa bolti yake. Hajji angeweza kumwita fundi mwingine. Hakumwita.

Siku ya Jumanne, mwezi wa sita, Nelima aliliondoa turubai mwenyewe.

"Tutoe ekzosi," alisema.

Hajji akaleta gesi. Walizichoma zile bolti moja moja mpaka zikawa nyekundu, na zilitoka bila ubishi, zote nne. Ilichukua dakika arobaini. Ekzosi ilipotoka, sehemu yote ya kulia ilikuwa wazi, koili tatu zimepangwa pale mbele ya macho, mtu yeyote angeweza kuzigusa. Nelima aliziangalia kwa muda mrefu. Yote yale kwa ajili ya dakika arobaini.

Guerschom alikuja kusimama mlangoni. Alikuwa amebeba stendi mbili alizozichomelea mwenyewe, zenye miguu mipana kama sahani. Aliziweka chini ya gari kando ya zile za zamani, akazisukuma kwa mguu kuona kama zinacheza, akasukuma tena. Kisha akarudi nyuma hadi mlangoni, mbali na gari, na hapo akabaki.

Nelima alilala chali. Akajisogeza, kiuno, kifua, mpaka tumbo la gari likafunika jua. Harufu ya mafuta ikamjia, na pamoja nayo harufu ya maji ya mfereji, ambayo haikuwepo.

"Hajji."

"Niko hapa."

"Zungumza."

"Nizungumze nini?"

"Chochote."

Hajji Taban akakaa sakafuni kando ya gari, akainyoosha miguu yake ya kizee, akaanza kumweleza jinsi mkewe alivyogombana na mwenye duka la nyama. Habari ilikuwa ndefu na haikuwa na kichwa wala miguu. Nelima alikaza bolti ya koili kwa mkono wa kushoto, kwa sababu vidole viwili vya kulia bado havikujua kinachoshikwa. Alifunga bati jipya, akairudisha ekzosi. Aliangalia kila waya mara mbili. Mara tatu alitoka nje kuvuta pumzi, akainamia magoti, na mara tatu alirudi chini, na kila aliporudi Hajji aliendelea na habari ya nyama pale alipoiachia.

Saa kumi alitoka kwa mara ya mwisho. Hajji akaingia kwenye gari, akageuza ufunguo. Injini iliwaka mara moja, ikakohoa kidogo moshi wa kukaa muda mrefu, kisha ikatulia, silinda sita zote, sauti nzito iliyonyooka. Guerschom alitikisa kichwa kwa kuridhika pale mlangoni na kwenda zake.

Nelima hakucheka safari hii. Alikaa juu ya tairi kuukuu, akashika kikombe cha chai kwa mikono miwili mpaka kikapoa.

"Kesho lipo lile la mchungaji," Hajji alisema kutoka kwenye kiti cha dereva. "Bakuli la mafuta chini ya injini linavuja."

Nelima akakiweka kikombe chini.

"Utakaa na mimi tena?"

"Nitakaa," alisema Hajji. "Ila nitafute habari nyingine. Hii ya nyama imekwisha."